Darasa la kroshia Michenzani: asubuhi nzima juu ya pete moja

Kofia ya kufuma huanzia utosini kisha ikateremka. Ukianza na tundu, mvaaji atakwenda na tundu lake msikitini, harusini na kwenye maulidi, na hakuna urembo wa pembeni utakaolificha. Kwa hiyo niliposikia kwamba Michenzani, hapa Unguja, yuko mama anayefundisha kroshia, na kwamba somo lake la mwanzo ni la kuanzisha duara tu, hakuna kofia, hakuna mwanasesere, hakuna kitambaa cha meza, nilijua hapo ndipo pa kwenda. Nimekwenda, nimesoma, na naandika haya kwa sababu darasa lile linastahiki kujulikana nje ya mtaa wake.

Nijieleze kwanza, ili msomaji ajue nimelipima kwa jicho gani. Mimi ni mshonaji wa kofia za mkono, hizi zetu za viua, yaani vijitundu vya mapambo, kwa bafta nyeupe na uzi. Kazi nimeipokea kwa mama, naye kwa mama yake. Kofia ya viua, ukiwa unashona baina ya kupika na kulea, inakula miezi, na bei yake inafuata jasho hilo. Mwenye mtoto wa miaka minne hawezi kumnunulia kofia ya bei ile kila Sikukuu, na kichwa cha mtoto hakingoji. Hao ndio waliokuwa wakija kuniuliza, dada, huna za kufuma? Sikuwa nazo. Sindano ya kushonea naijua kuliko kijiko, lakini ile ya kroshia, yenye ndoano nchani, sikuwahi kuifanyia kazi.

Darasa liko katika moja ya majumba marefu ya Michenzani, yale yaliyojengwa baada ya Mapinduzi kwa msaada wa Ujerumani Mashariki. Ni nyumba ya chini, hakuna ngazi za kupanda, na hilo kwa wenye magoti ya kuuma ni jambo kubwa. Kutoka Darajani ni mwendo wa miguu. Hakuna kibao mlangoni. Ulizia kwa mama wa kroshia, watoto wanaocheza nje watakupeleka mpaka kizingitini. Linafanyika Jumamosi, saa tatu asubuhi mpaka karibu na adhuhuri. Ada ya somo la mwanzo ni shilingi 15,000, na ndani yake mna sindano ya alumini ya milimita 4 ambayo unarudi nayo kwako, bonge moja la uzi, chai ya rangi na vitumbua. Vitumbua ni vizuri, ila mwalimu hakuruhusu mtu kugusa uzi kabla ya kunawa mafuta mikononi, na alikuwa na haki.

Sasa kwenye kazi yenyewe.

Pete ya kuvuta, au majiki ringi kama wanavyoiita vijana, ni kitanzi cha uzi. Mishono ya mzunguko wa kwanza unaifumia ndani ya kitanzi hicho, kisha unavuta mkia wa uzi, kitanzi kinajikaza na tundu la katikati linafumba kabisa. Kwa maneno ni jambo jepesi. Kwa mikono, vidole vyote kumi vina kazi kwa wakati mmoja, na kila kidole kinataka kufundishwa nafasi yake.

Mwalimu wetu, mama wa makamo aliyeniomba jina lake nisilitaje, hakutupa sindano mwanzoni. Zililala mezani zimefungwa mpira. Tulishika uzi tu. Uzi unauzungusha kidole cha mwisho cha mkono wa kushoto, unaupitisha chini ya viwili vya kati, unautokezea juu ya kidole cha shahada. Kidole cha mwisho kinazuia, cha shahada kinatoa. Baada ya kutuonesha, akawa anapita nyuma ya viti, anashika uzi wa kila mmoja upande wa bonge na kuuvuta kidogo, asikilize kwa vidole vyake umekazwa kiasi gani. Mama mmoja jirani yangu alikuwa ameuminya mpaka kidole kimekuwa cheupe. "Ulegeze, mwanangu, hauna pa kukimbilia," akamwambia, na akakaa pale pale mpaka mkono ule ukalegea. Hili ndilo lililonifanya nione thamani ya kulipa ada. Video ingenionesha uzi wa mtu mwingine ulivyokaa. Haiwezi kushika wangu.

Sindano zilipogawiwa, hatua zenyewe zilikuwa hivi. Mkia wa uzi unauacha shubiri nzima uning'inie mbele ya kiganja, umebanwa na kidole gumba. Uzi unaotoka kwenye bonge unauzungusha vidole viwili, shahada na cha kati, na unaurudisha juu ili ukatane na uzi wa kwanza, kama herufi X. Sindano inapita chini ya uzi wa kwanza, inanasa wa pili, inauvuta kupitia chini ya ule wa kwanza. Hapo unageuza ndoano kidogo, kitanzi kikae juu ya sindano. Unanasa uzi tena na kuupitisha katika kitanzi hicho. Hiyo ni cheni moja, na kazi yake ni kuzuia pete isifunguke unapoitoa kwenye vidole. Haihesabiwi kama mshono. Mwalimu alilirudia hilo mara nyingi sana, na alikuwa na sababu: anayeihesabu cheni hukuta ana mishono mitano akidhani ni sita, au anarudi kuifumia na kupata saba, na kila mzunguko unaofuata unaurithi ule upungufu au ule uzidifu.

Halafu mishono mifupi sita. Sindano inaingia katikati ya pete, inapita chini ya nyuzi mbili kwa pamoja, uzi wa pete na mkia wake, inanasa uzi na kurudi nao; vinakuwa vitanzi viwili juu ya sindano. Unanasa tena, unavipitia vyote viwili. Huo mmoja. Nimeandika "nyuzi mbili kwa pamoja" kwa kukusudia. Mshono ukishika uzi mmoja tu, ukaacha mkia nje, pete inakwenda upande ukivuta na tundu halifumbi sawasawa. Mwalimu alikuwa anainua kazi ya kila mtu kwenye mwanga wa dirisha, anaitazama kwa nyuma, na kuonesha kwa ncha ya sindano ni mshono gani umeuruka mkia.

Kuvuta nako kuna adabu yake. Mishono sita unaibana kwa gumba na shahada, mkia unauvuta polepole kwa mkono mwingine, na ukihisi umekwama unaacha. Unaisogeza mishono kuizunguka pete, unavuta tena. Kuna nyuzi za manyoya laini zinazouzwa siku hizi kwa ajili ya wanasesere, nzuri kwa macho, ila kiini chake ni chembamba, na ukizivuta kwa nguvu zinakatika mkononi. Kwa nyuzi hizo alituonesha tufume mishono iliyolegea na tuvute kidogo kidogo, au tuachane na pete tuanze kwa cheni mbili, mishono yote sita tuifume ndani ya cheni ya kwanza. Tundu linabaki, lakini dogo mno.

Kwa kazi itakayovutwa sana, na kofia ya mtoto inavutwa sana, alitufundisha pete ya mizunguko miwili: uzi unazunguka vidole mara mbili badala ya moja. Hapa watu wengi huchanganyikiwa wakati wa kufunga, maana vitanzi ni viwili na mkia ni mmoja. Njia yake ni hii. Vuta mkia kidogo tu utazame. Kitanzi kimoja kati ya viwili kitasogea. Kishike hicho, kivute mpaka kile kingine kifumbe kabisa. Kisha rudi kwenye mkia uuvute, na hicho ulichokishika nacho kitaingia. Darasa zima lilinyamaza tulipokuwa tunaifanya hii.

Tulifunga, tukafumua, tukaanza tena, asubuhi yote. Kuna wasiopenda hivyo. Mama mmoja aliuliza kwa upole kama hatutafika hata kwenye kitambaa kidogo cha glasi. Mwalimu akamjibu kuwa kitambaa atakifuma mwenyewe nyumbani, pete ikishakuwa yake. Na alikuwa na kipimo chake cha kujua kama imekuwa yako: anavuta kiti, anakaa mbele yako, anakuuliza habari za watoto, unakaa wapi, bei ya samaki leo markiti, na macho yake yako kwenye mikono yako. Mikono ikisimama kila unapojibu, bado. Ikiendelea, anakupa uzi wa rangi nyingine uendelee mbele. Mimi kwa miaka mingi nimefundisha wasichana kushona viua na sikuwahi kufikiria kipimo chepesi kama hicho. Nimekichukua.

Mzunguko wa pili ni mishono miwili ndani ya kila mmoja, inakuwa 12. Wa tatu unaweka mmoja katika wa kwanza, miwili katika unaofuata, unakwenda hivyo mpaka mwisho, inakuwa 18. Wa nne unaweka mmoja mmoja katika miwili ya kwanza, kisha miwili ndani ya unaofuata, unakwenda hivyo mpaka mwisho, inakuwa 24. Kila mzunguko unaongeza sita. Ukiongeza pungufu, duara linaanza kuinuka pembeni. Ukizidisha, linajikunja mawimbi. Alikuwepo mwenzetu kutoka Makunduchi anayesuka ukili, na aliposikia hivyo akasema ndiyo kawa hiyo, kifuniko cha chakula: ukili ukiubana katikati unapouzungusha, inapanda juu, ukiulegeza inalala. Mwalimu alifurahi sana, akamwita mbele atueleze kwa maneno yake, na tangu hapo nusu ya darasa wakaelewa jambo ambalo hesabu pekee ilikuwa haijawafikishia.

Kuna siri moja hapa ambayo nasikitika kwamba watu wengi wanaofuma kofia mitaani hawaijui. Ukiweka nyongeza zako sita juu ya zile za mzunguko wa chini kila mara, kazi inaota pembe sita. Unafuma ukidhani una duara, mwisho unatazama, una kitu chenye pande. Kwa kofia, pembe hizo zinaonekana juu ya kichwa. Dawa ni kuzihamisha: mzunguko huu nyongeza ianze mwanzoni, unaofuata ianzie katikati ya nafasi, ili zisipangane mstari mmoja. Idadi ni ile ile, sita, umbo linakuwa duara la kweli. Mwalimu ana vipande viwili vya mfano, kimoja chenye pembe na kimoja cha duara, vya uzi mmoja na idadi moja ya mishono, amevibandika kwenye ukuta kwa pini. Natamani kila anayeuza kofia za kufuma angesimama mbele ya ukuta ule.

Mwanzo wa mzunguko unawekewa alama. Darasani hakuna vidude vya plastiki vya kununua. Tulitumia kipande cha uzi wa rangi nyingine, kinachopitishwa kwenye mshono wa kwanza na kuhamishwa kila ukizunguka. Kwa kofia ya rangi moja unafuma moja kwa moja bila kuunganisha, mzunguko unapanda juu ya mwenzake. Kwa kofia ya mistari, lazima uunganishe kila mwisho na kuanza upya kwa cheni, vinginevyo mahali pa kubadilisha rangi panakuwa na kidaraja.

Kwa kuwa mimi nilikwenda kwa ajili ya kofia, baada ya somo nilimkalia mwalimu kwa maswali, naye hakuniharakisha. Kofia yetu ina utosi bapa na pembeni iliyosimama, kwa hiyo mzingo wa utosi ni sawa na mzingo wa kichwa. Kichwa cha sentimita 56 ukikigawa kwa 3.14 unapata karibu 17.8, ndio upana wa utosi. Kwa uzi na sindano ile, mzunguko mmoja wa mishono mifupi ulinipa nusu sentimita, kwa hiyo mizunguko 18 inatosha, na wa mwisho wake una mishono 108. Hapo unaacha kuongeza. Mtoto wa kichwa cha sentimita 50 anataka utosi wa karibu 16, mizunguko 16, mishono 96. Kisha mzunguko mmoja unaufuma kwa kushika uzi wa nyuma peke yake katika ile V ya nyuzi mbili iliyoko juu ya kila mshono, na ukingo unajikunja wima kama umepigwa pasi. Baada ya hapo ni kuteremka mshono juu ya mshono mpaka urefu unaoutaka. Nilipofika nyumbani nilifuma utosi wa sentimita 16 na kuuweka juu ya kofia ya viua ya mwanangu. Ulilala sawa, ukingo kwa ukingo.

Alituonesha pia njia ya zamani, ya cheni tano au sita zinazounganishwa kuwa kijiduara, mishono ikafumwa ndani yake. Hii inaacha tundu, na tundu lile ndilo linalotakiwa katika vitambaa vya makochi na vya meza, ambako ua linafunguka kutoka katikati. Alikuwa wazi kabisa: hakuna njia bora kuliko nyingine, kuna kazi inayotaka tundu na kazi isiyolitaka. Kwa mishono mirefu, ile ambayo uzi unazungushwa juu ya sindano kabla ya kuiingiza, pete inabeba kumi na miwili badala ya sita, kwa sababu mshono mrefu unalisukuma duara mbali zaidi kutoka katikati kwa mzunguko mmoja.

Sehemu niliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya beseni.

Mwalimu alileta beseni la maji, sabuni ya unga, na madua­ra matatu aliyoyafuma mwenyewe, ya uzi mmoja. La kwanza mkia wake ulikatwa karibu na pete baada ya kufungwa. La pili mkia ulipigwa fundo kisha ukakatwa. La tatu mkia ulipitishwa kwa sindano butu ndani ya mishono kuizunguka pete nzima, kisha ukageuzwa na kurudishwa upande wa pili. Akayafua mbele yetu, kwa kuyasugua kweli kweli, kama anavyofuliwa kofia mtoto aliyetoka kucheza mchangani. La kwanza lilifunguka katikati kabla hajalisuuza. La pili lilishika, lakini fundo lilitokeza juu na ukiligusa unalihisi. Kwenye utosi wa mtoto mchanga fundo lile lingemkera. La tatu lilitoka kama lilivyoingia. Hakusema mengi. Alituachia tuyapitishe mkono kwa mkono, na kila mmoja akavuta katikati kwa vidole vyake.

Nakaa juu ya jambo hili kwa sababu kofia ni nguo inayofuliwa, inatiwa wanga, inavutwa juu ya kibao au bakuli ikauke na umbo lake. Kila Ijumaa inarudi majini. Mkia wa shubiri unaoachwa mwanzoni, ambao mwanafunzi anauona ni kupoteza uzi, ndio unaoishikilia kofia nzima kwa miaka. Nimewahi kuona kofia za kufuma zinazouzwa kwa wageni ambazo ukizigeuza ndani unakuta mkia umekatwa kama kucha. Zitakwenda kufunguka mbali, na aliyenunua atasema kazi za Zanzibar hazidumu. Linaniuma.

Upande wa uzi, hapa nina neno na darasa. Bonge wanalotoa ni la akriliki. Kwa kujifunza linafaa: halipasuki nyuzi nyuzi, linavutika, na ni rahisi kufumua bila kuharibika. Lakini kwa kofia ya kuvaliwa huku kwetu, wakati wa kaskazi, akriliki inapasha kichwa moto na jasho halina pa kwenda. Pamba inanyonya jasho na inashika wanga vizuri. Mwalimu analijua hilo na alilisema, ila ningependa atoe nafasi ya kuchagua, hata kwa kuongeza ada kidogo. Nyuzi za pamba zipo kwenye maduka ya vitambaa na vifaa vya kushonea ya Mchangani na Mlandege, ila uende na kipande cha ulichokianza, maana unene hutofautiana hata kama karatasi za bonge zinafanana. Na kwa anayeanza, nunua rangi nyepesi: maziwa, manjano, buluu ya mbingu. Uzi mweusi au wa zambarau nzito huioni mishono yake, hata uwe na macho ya kijana.

Mwanga wa chumba ndio kasoro kubwa. Dirisha ni moja, na waliokaa mbali nalo walikuwa wanategemea taa. Umeme ulipokatika kidogo, wale walisogea wote upande mmoja na viti havikutosha. Fika mapema ukae karibu na dirisha. Ukifika mapema, hata hivyo, jitayarishe kungoja, kwa sababu saa tatu ya darasa inafuata atakayechelewa kuliko wote. Viti havina migongo. Na karatasi ya mchoro tuliyopewa ilikuwa ni nakala ya nakala, alama zimefifia mpaka nilizichora upya kwa kalamu. Mchoro ni mzuri na naomba aupige upya, kwani unasaidia mno: cheni ni kiduara kirefu kilicholala, mshono mfupi ni alama ya kuzidisha, mrefu ni T yenye mkato. Anayejua kuusoma mchoro anaweza kufuma kutoka kitabu cha Japani bila kujua neno la Kijapani. Pia unamwepusha na mtego wa vitabu vya Kiingereza, ambavyo mshono Mmarekani anaouita singo, Mwingereza anauita dabo. Ukichanganya, kofia yako inatoka ya ukubwa mwingine kabisa.

Alikuwepo kijana mmoja, wa kiume peke yake darasani, naye anatumia mkono wa kushoto. Nilitaka kuona atafanyiwa nini. Mwalimu alichukua kiti akakaa mbele yake uso kwa uso, badala ya ubavuni kama alivyokaa na sisi, akamwambia afuate anachokiona kama anajitazama kwenye kioo. Kijana alifunga pete yake kabla ya baadhi yetu. Hakuna aliyemwambia abadilishe mkono, hakuna aliyemshangaa. Kwa hilo peke yake ningempeleka mwanangu.

Wapo watakaouliza kwa nini mtu alipe shilingi 15,000 kwa jambo lililojaa mitandaoni bure. Nimezitazama video hizo, kabla na baada. Baada ya darasa zinanifaa sana, kwa sababu sasa najua ninachotafuta katika picha. Kabla yake, gumba la mfumaji lilikuwa linafunika pale pale nilipotaka kuona, na kila mmoja anashika uzi kwa njia yake bila kusema kwa nini. Ukitoa bei ya sindano na uzi, kinachobaki kwa mwalimu kwa asubuhi nzima ya kushika mikono ya watu ni kidogo. Mimi naona ada ni ya chini.

Darasa hili linamfaa anayeanza kabisa, na linamfaa hata zaidi anayefuma tayari lakini mizunguko yake inamshinda, kama wale wanaotengeneza kofia, vikapu vya uzi, vifuniko vya vyungu na wanasesere. Anayetaka kutoka na kitu kizima mkononi siku hiyo hiyo atavunjika moyo, aende akijua. Watoto wadogo wasiletwe. Nafasi ni ndogo na sindano ni nyingi. Miwani usisahau.

Nimemwomba mwalimu aweke somo la pili, la kuteremsha pembeni ya kofia kwa matundu ya mapambo, nione kama tunaweza kukaribia sura ya viua kwa kroshia. Jumamosi kwangu ni siku ya kupeleka kofia kwa wateja, kwa hiyo nimemwomba liwe alasiri ya siku ya kazi. Amekubali, akipata watu sita. Jina langu liko la kwanza kwenye daftari lake, bado watano.